Kota za mgodi na watoto wasio na kwao pengine

Mhariri,

Kila mgodi mpya unaposifiwa kwa ajira, sisikii mtu akiuliza familia za wafanyakazi zitahamia wapi kazi ikikoma. Nimekulia katika kota za mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa. Baba alipopunguzwa kazini tulipewa siku 14 kukabidhi nyumba. Karani wa stoo akapita chumba kwa chumba akihesabu balbu, vitasa na koki, na mama akalazimika kufungua mizigo iliyokwisha kufungwa ili athibitishe kwamba mapazia yalikuwa yetu.

Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi aliyeachishwa kazi, pamoja na mizigo yake, hadi mahali alipoajiriwa, na amlipe posho ya kujikimu wakati akisubiri usafiri. Ni kinga nzuri, nasi ilitufaa, ila inachukulia kwamba kila mtu ana kwao pengine. Baba alikuwa nako, Rungwe. Sisi watoto wanne, tuliozaliwa katika hospitali ya mgodi, tulikuwa tumefika huko likizo moja tu.

Kule Kilembe, Uganda, uchimbaji wa shaba ulisimama mwaka 1982, lakini nyumba za wachimbaji ziliendelea kukaliwa na watu, kwa sababu mji ulikwisha kuwa mji. Siku hizi waajiri wengi wanalikwepa suala hili kwa kuwaweka wafanyakazi kambini kwa zamu na kuziacha familia mbali. Sioni kwamba huo ni utatuzi, maana baba wa zamu huwa mgeni nyumbani kwake (na mkewe ndiye anayeyajua zaidi hayo).

Ninaloomba ni dogo. Vyama vya wafanyakazi vinapojadili mkataba wa hali bora, visiishie kwenye mishahara na posho. Fedha za nyumba zimsaidie mfanyakazi kupata kiwanja nje ya uzio, katika mji mdogo ulio jirani, chenye hati ya majina ya mume na mke. Pale ambapo kota zitabaki, familia isitolewe kabla mwaka wa shule haujaisha. Mdogo wangu alifanya mtihani wa darasa la saba akilala sebuleni kwa jirani, sisi wengine tukiwa tumekwisha kupakiwa kwenye lori.

Mtoto wa kota,
Mwanza