Mwanaume kuigiza mwanamke si tatizo, tatizo ni kuigiza hovyo

Mhariri, salaam. Kuna msomaji wenu wa hapa hapa Arusha alilalamika kwamba hawa wachekeshaji wa kiume wanaovaa magauni na mawigi kwenye klipu za simu wametuletea tabia za Kizungu, na mtaani kwetu Kaloleni wengi wanamuunga mkono. Mimi nakubaliana naye nusu tu. Zile klipu zinaboa kweli, ila Wazungu tunawasingizia bure, maana kazi hii Wahindi wameifanya miaka nenda rudi na heshima zao ziko palepale.

Chukulia Gujarat, walikotoka mababu wa wengi wa hawa wenye maduka ya vitambaa hapa mjini. Kulikuwa na Jaishankar, mwigizaji wa jukwaani, mwaka 1901 akiwa bado mtoto alicheza msichana anaitwa Sundari, basi jina likamganda mpaka anafariki 1975 bado ni Jaishankar Sundari, na serikali ya India ilishampa nishani ya Padma Bhushan mwaka 1971. Kwa Wamarathi, watu wa upande wa Bombay huko India, ndo alikuwepo mwigizaji Bal Gandharva, huyo alikuwa balaa, mwanaume ana mke wake nyumbani lakini akipanda jukwaani na sari na vito, wanawake wanakuja kuangalia sari kaifungaje, nywele kaziwekaje, wakirudi kwao wanamuiga. Yaani mwanamke anajifunza kuvaa kwa mwanaume jamani!

Ila aliyenimaliza mimi ni Vedantam Satyanarayana Sarma wa kijiji cha Kuchipudi, Andhra Pradesh. Kwenye ngoma yao pazia linashikwa na watu, mchezaji humuoni, kinachotangulia ni msuko mrefu wenye mapambo unarushwa juu ya pazia, huyo ni Satyabhama mke wa Krishna, mungu wa Wahindu, mwanamke wa nyodo kwelikweli, na ule msuko ni kama anatamba kwamba kama yupo anayemshinda basi ukatwe. Halafu anatoka, shingo, macho, vidole, nimeangalia video yake usiku nikasahau kabisa naangalia mwanaume.

Sasa rudi kwetu: kanga kiunoni, matambara yamejazwa nyuma, sauti ya kubana pua, na kazi yake ni kumchamba mume na kulilia hela ya vikoba. Hivi mama zetu ndo hivyo tu?

Hata hivyo Wahindi nao nisiwapambe sana. Wanaume walipata nafasi hizo kwa sababu mwanamke akipanda jukwaani alionekana malaya. Phalke, mtengeneza filamu wa mwanzo mwanzo wa India, alipotengeneza filamu ya Raja Harishchandra, 1913, alitafuta mwanamke wa kucheza malkia akakosa, ikabidi amchukue Anna Salunke, kijana wa kiume aliyekuwa anafanya kazi hotelini, na mwaka 1917 huyo huyo Salunke akacheza Rama na mkewe Sita, wale wa hadithi za dini ya Kihindu, ndani ya filamu moja, mume yeye mke yeye! Wanawake walipoanza kuingia wenyewe kwenye filamu na jukwaani, biashara ya kina Gandharva ikapungua, na mimi sioni ubaya hapo.

Ombi langu mhariri, kwenye ule ukurasa wenu wa burudani acheni kidogo umbea wa wasanii, mtume mwandishi akaongee na wazee wa Kigujarati waliopo hapa mjini kuhusu bhavai, ile michezo ya kijijini kwao ambayo wanaume ndo walikuwa wanacheza wanawake. Na wachekeshaji wetu waiteni wasikilize.

Msomaji wenu,
Kaloleni, Arusha