Muvi haiui kitabu, inamfuta kazi msimulizi

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika kwenye ukurasa huu wa barua akilia kwamba filamu zimeua usomaji, ati vijana siku hizi wanangoja kitabu kitoke kama muvi ndio wakijue. Mimi nauza vitabu vya mitumba hapa tao, sisi wale mnatuita inama bukshop kwa vile vitabu viko chini na mnunuzi anainama kuchagua, na kwa upande wa mauzo huyo ndugu yangu amekosea kabisa. Muvi ikivuma kitabu kinatafutwa. Mtu anasimama, jina la mwandishi hajui, la kitabu pia hajui, anasema tu "mzee, uko na ile kitabu ya ile muvi ya madawa, ile walishutia Kibera?" na kabla amalize nishamtolea The Constant Gardener ya John le Carré. Kwa hivyo hiyo ya kuua tuachane nayo.

Shida iko kwingine. Kuna dada mmoja wa ofisini alinunua kwangu Out of Africa, ile yenye kava ya waigizaji wa muvi yake, Meryl Streep na Robert Redford, halafu akarudi nayo, na hakutaka pesa zake, alitaka maelezo. "Mzee, hebu nionyeshe, mapenzi iko ukurasa gani?" Nilicheka lakini swali lake ni la maana sana. Hicho kitabu cha Karen Blixen, yule Mdenishi anayesimulia maisha yake kwa shamba lake la kahawa huko Ngong, kilitoka 1937 na yale mapenzi ya kwenye muvi hayamo. Denys Finch Hatton, yule mwindaji Mwingereza aliyeigizwa na Redford, yumo ndio, anakuja shambani anaondoka, wanapaa na ndege yake, anakufa, lakini mwandishi hasemi popote kwamba huyu alikuwa mpenzi wangu. Sydney Pollack alipoitengeneza filamu 1985 ilibidi achote pia kwa vitabu vingine vilivyoandikwa baadaye kuhusu maisha ya huyo mama, na mapenzi mengi yalitoka huko. Ikabeba Oscar 7. Sasa kila mtu anajua Redford alimwosha Streep nywele porini, lakini ukiwauliza Kamante ni nani wanakuangalia tu.

Kamante kitabuni ni mtoto mchungaji, miguu imejaa vidonda, Blixen anajaribu kumtibu anashindwa, anampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti, na siku anarudi ni Pasaka na miguu imefungwa mabendeji, anayafungua polepole mbele ya huyo mama kama mtu anajua kabisa anachofanya, na chini yake miguu imepona. Baadaye anakuwa mpishi hodari. Kusoma hajui, kwa hivyo mapishi yote yako kichwani na ameyapa majina ya mambo yaliyotokea siku alipojifunza, kuna mchuzi wa radi iliyopiga mti, kuna mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Sasa niambie kamera itauonyesha vipi mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa? Itaonyesha bakuli. Yule anayejua ni mchuzi gani ni msimulizi, na kwa muvi msimulizi ndiye wa kwanza kufutwa kazi, akibahatika anaachiwa maneno mawili matatu mwanzoni na mwishoni.

Na msiniambie natetea mabeberu. Huyo msimulizi wa Blixen ana mambo yake, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali kwa vile anawafananisha Waafrika na wanyama na mimi nakubaliana na Ngũgĩ. Lakini angalia hapa: kwa kitabu unamshika akisema, sentensi iko pale, unaweza kuipigia mstari na kalamu, ugombane naye. Kwa muvi hizo sentensi zimetolewa, umebaki na milima ya Ngong, muziki mtamu na machweo, utagombana na nani? Muvi ilimsafisha huyo mama. Hiyo ndio tofauti ambayo watu hawasemi, wako bize kulalamika ati fulani hakuwa na ndevu kitabuni na kwa muvi anazo.

Kuna mahali muvi inashinda pia, nisiseme uongo. Kile kitabu cha le Carré, The Constant Gardener cha 2001, kinamzungusha mhusika mkuu Justin nchi hadi nchi mpaka Kanada, na mimi huko Kanada nilianza kuhesabu kurasa zilizobaki. Fernando Meirelles kwa filamu ya 2005 Kanada akaikata yote, akapeleka kamera Kibera kwenyewe, na ile reli na zile bati za mabanda zinakuambia mambo ambayo le Carré angehitaji sura nzima. Hapo nampa Meirelles.

Sasa turudi kwa msimulizi, kwa sababu hapa Nairobi tumeshawahi kumrudisha kazini bila kuombwa na mtu. Nani hajakaa kwa kibanda cha video akaangalia muvi ya DJ Afro? Muvi ni ya Mchina au ya Mhindi, lakini juu yake kuna sauti ya mtu wetu anakuambia huyu anafikiria nini, huyu ni mwongo, huyu ngoja tu ataona, na watu wanacheka pahali hata sinema yenyewe haichekeshi. Wasomi wanaona ni mchezo. Mimi naona yule jamaa anafanya kazi ya mwandishi wa riwaya, anaingia kichwani mwa mhusika pale kamera inagonga mwamba.

Wale nawalaumu kweli ni wanaotengeneza video za setibuku, vile vitabu vya fasihi wanafunzi wa sekondari wanatahiniwa. Wanachukua riwaya nzima wanaibana kwa saa mbili, wanaongeza vichekesho ndio wanafunzi wasilale, halafu mtoto anafikiri amesoma. Chukua Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, mahali Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Kwa video ni sekunde chache, mtu ameshika karatasi anacheka vibaya. Kwa riwaya huo wizi unamkula mwizi mwenyewe polepole. Na mtihani hauna huruma, swali linaletwa na dondoo, maneno yenyewe neno kwa neno, eleza muktadha, taja mbinu za lugha, na yule wa video alisikia maneno mengine kabisa ambayo mwigizaji alijitungia. Wazazi, msinunue video kabla ya kitabu, na hii sisemi kwa sababu nauza vitabu (sawa, kidogo nasema kwa sababu hiyo).

Wenye stesheni za tivi wakitaka kutengeneza kitu cha maana waache hii mambo ya saa mbili wafanye mfululizo. Wanigeria walijua hiyo zamani, televisheni yao ya taifa ilichukua Things Fall Apart ya Chinua Achebe ikaifanya mfululizo 1987, Pete Edochie akiwa Okonkwo, na mpaka leo kuna watu ukiwatajia Okonkwo wanaona sura ya Edochie. Waturuki nao wamechukua riwaya ya Halit Ziya Uşaklıgil ya zaidi ya miaka 100 wakatoa Aşk-ı Memnu, misimu miwili, nchi kibao zikatazama. Sisi stesheni zinajaza jioni na telenovela za kununua halafu zinalia hakuna hadithi za kwetu.

Na riwaya iko, Siku Njema ya huyo huyo Walibora iko pale tangu 1996. Kijana wa Tanga, mamake Zainabu Makame ni mwimbaji wa taarab, mama anakufa, kijana anafunga safari kumtafuta babake mpaka Kitale, na kila kitu anakisimulia yeye mwenyewe. Hiyo safari peke yake ni vipindi kadhaa. Ombi langu kwa prodyusa atakayeichukua: sauti ya huyo kijana ibaki, asikike mwanzo mpaka mwisho, na tafadhali wa kuigiza Zainabu msimtafute hapa Nairobi kwa mamodeli ati ana sura nzuri halafu aimbe kwa kufungua mdomo tu kanda ikichezwa, nendeni Mombasa, nendeni Tanga penyewe, mtafute mama anayeimba taarab harusini na anayeijua kazi yake, kuigiza atafundishwa.

Muuzaji vitabu,
Nairobi