Makala za warsha zisiachwe yatima

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoendesha warsha za kuandikia Wikipedia ya Kiswahili, hasa vyuoni. Makala nyingi zinazotoka huko hazina kiungo cha lugha nyingine, hazina picha, hazina hata jamii, yaani kundi la mada zinazofanana. Anayesoma habari za mto uleule kwa Kiingereza hajui kwamba Kiswahili nacho kimeshaandika.

Zamani kila makala ilibeba orodha yake ya viungo. Mada iliyopo katika lugha 50 ilidai viungo 49 kwenye kila makala, jumla 2,450. Tangu 2013 kazi hiyo inabebwa na Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote: kila mada ina namba inayoanza na Q (Tanzania ni Q924, Kenya ni Q114), na lugha zote zinashikamana hapo. Unaunganisha mara moja tu.

Wengi wanakosea hapa. Mtu anafungua namba mpya bila kutafuta iliyopo. Tafuta kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kama ni mmea au mnyama, kwa jina la kisayansi. Wengine wanachanganya: Kilimanjaro mlima na Kilimanjaro mkoa ni namba mbili, kwa hiyo soma maelezo mafupi chini ya jina kabla hujabonyeza. Kuna na hili linalodhaniwa kuwa hitilafu ya mtambo: Wikidata inakataa kiungo, inasema namba hiyo tayari ina makala ya Kiswahili. Mtambo ni mzima. Unakuonyesha kwamba kitu kimoja kimeandikiwa makala mbili. Fungua ile ya zamani, hamishia huko yaliyo mapya, taja kwenye muhtasari wa hariri (maelezo mafupi unayojaza kabla ya kuhifadhi) yametoka wapi, kisha ifanye hii mpya kuwa elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji kwenye ile ya zamani.

Picha ipakieni Wikimedia Commons, hifadhi ya pamoja ya picha za Wikipedia zote, na iwe mliyopiga wenyewe. Ikiwa huko, kila lugha inaitumia bila kuipakia upya. Ila picha iliyochukuliwa gazetini au Facebook ikifutwa Commons, inaondoka katika lugha zote kwa mpigo. Ruhusa ya “tumieni Wikipedia tu” haitoshi. Commons haipokei leseni inayozuia matumizi ya kibiashara.

Anayetafsiri aandike kwenye muhtasari jina la makala asilia na lugha yake. Leseni ya CC BY-SA, ambayo Wikipedia inaitumia kwa maandishi yake, inataka waandishi wa kwanza watambuliwe, na ni haki yao.

Waandaaji, nawasihi mtenge dakika 30 za mwisho kwa kazi hii. Washiriki wakae wawili wawili: mmoja aunganishe, mwenzake afungue makala ya Kiingereza aangalie kama “Kiswahili” kimetokea kwenye orodha ya lugha. Kisipotokea, warudi kwenye namba ya Q waanze kukagua upya.

Mchangiaji wa Wikipedia ya Kiswahili,
Morogoro