Adrenalini isifungiwe kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie adrenalini, sindano ya kumwokoa mtu aliyepata mzio mkali wa ghafla. Ni jambo linalotugusa sisi warina asali, ingawa naamini linamhusu pia kila anayechomwa sindano ya penisilini au mwenye mtoto asiyepatana na karanga.

Msimu uliopita nilikwenda kurina na mdogo wangu. Nyuki wamemuuma tangu utotoni, na hajawahi kupata zaidi ya uvimbe. Siku hiyo walimuuma watatu tu, shingoni. Kabla hatujafunika ndoo akaanza kujikuna viganja, akasema ulimi umekuwa mzito. Midomo ikavimba, sauti ikamkauka, akatapika. Nilimpakia kwenye bodaboda, nikamkumbatia kwa nyuma asidondoke, tukakimbilia zahanati.

Pale alichomwa Piriton, dawa ya mzio wa kawaida, na haidrokotisoni, dawa ya kupunguza uvimbe, tukaambiwa tusubiri. Adrenalini ilikuwepo, ila ndani ya kabati lenye kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kunywa chai. Alipofika alimchoma pajani. Dakika chache baadaye mdogo wangu akauliza simu yake iko wapi.

Simlaumu nesi, alikuwa peke yake na foleni ya kina mama nje. Lakini baadaye mganga alinieleza kitu ambacho kila zahanati ingepaswa kukiandika ukutani: Piriton hutuliza muwasho, haifungui koo linaloziba wala haipandishi presha iliyoporomoka. Inayofanya hayo ni adrenalini, na ndiyo ya kuanza nayo. Kwa mtu mzima ni nusu mililita ya ile ampuli (kichupa cha dawa) ya miligramu 1 kwa mililita, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Asipopata nafuu baada ya dakika 5, anarudiwa. Watoto dozi yao ni ndogo zaidi, na hiyo ndiyo hasa ya kubandika ukutani, maana nani atapiga hesabu huku mtoto anakabwa?

Dawa yenyewe imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wenzetu wa Ulaya wenye mzio mkali hutembea na kalamu zake mfukoni, yaani sindano zilizokwisha kujazwa dawa ambazo mtu hujichoma mwenyewe. Huku kwetu sijaiona hata moja. Basi tusizisubiri. Ampuli, bomba na karatasi ya dozi vikae kwenye kiboksi juu ya meza ile ile wanapochomea watu sindano, na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia tarehe ya kuisha muda.

Nasi tuna makosa yetu. Mimi nilimketisha kwenye pikipiki mtu ambaye presha ilikuwa inashuka, kumbe alitakiwa alazwe, miguu ikiinuliwa, na asisimamishwe ghafla. (Anayehema kwa shida anaweza kukaa, ila miguu iwe imenyooshwa.) Tena tulivyoona ameamka tukaondoka baada ya nusu saa, wakati dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Tulikuwa na bahati tu. Sasa kikundi chetu hakuna anayekwenda mizingani peke yake, na namba ya mwenye gari iko kwenye simu ya kila mmoja.

Wiki iliyopita nilipita pale zahanati kumchukulia mwanangu dawa ya malaria. Kufuli bado lipo.

Mrina asali,
Sikonge, Tabora