Barua kwa wifi yangu wa Mbagala

Asalaam aleykum wifi,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili usiku nimeisikiliza mara tatu. Umesema kwa upole, na najua umesema kwa kumpenda kaka yako: kwamba yeye ni mwalimu, anakula mshahara wa serikali, na mimi mkewe nazunguka vitongojini na kaunta buku nikikusanya sahihi za watu za kudai upasuaji wa usiku urudi hospitalini kwetu, ipo siku ataitwa aulizwe. Ukamalizia, "Achaneni na mambo hayo, nyie zaeni tu." Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu wengi wenye ndugu huku Mtwara wanaambiana hayo hayo. Tena wewe ndiye mtu wa mwisho niliyetegemea aniambie.

Hospitali yetu haijafungwa, wifi, ndiyo maana ukiwa mbali unaona tunapiga kelele za bure. Wodi ya wazazi ipo, vitanda vipo, kliniki ya wajawazito inaendelea. Kilichoondolewa ni usiku. Mtaalamu mmoja wa usingizi, wale wanaomlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, amehamishwa, aliyebaki yuko peke yake, na posho ya zamu imekatwa. Sasa upasuaji ni Jumatatu hadi Ijumaa, mwisho saa tisa na nusu alasiri, kama ofisi ya ardhi. Baada ya hapo mama akikwama anaandikiwa rufaa. Na muuguzi wa usiku ni mmoja kwa wodi nzima. Huyo simlaumu hata kidogo, nimemwona anakimbia kati ya vitanda viwili mpaka nikamhurumia yeye kuliko wagonjwa.

Nikukumbushe usiku wako. Wewe ulikuwa umefumba macho, mimi niliona.

Ulikuwa umekuja kujifungulia huku kwetu, mimba ya kwanza. Uchungu ulianza baada ya magharibi. Kufika saa sita muuguzi alikuwa ameshajaza sehemu kubwa ya ile chati ya uchungu, karatasi yenye mistari miwili ya mshazari. Taa ilikuwa inazimika-zimika, nikamshikia tochi ya simu. Kila akikupima anatia alama ya x, na zile alama zikatambaa mpaka zikauvuka mstari wa kwanza, yaani uchungu unachelewa. Hakusema neno. Akachukua kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni kwako, akainamisha sikio huku macho yake kayakaza kwenye saa ya mkononi. Akahesabu. Akahesabu tena. Halafu akatoka mbio na kandambili moja, ya pili ikabaki chini ya kitanda chako.

Daktari alifika kwa bodaboda, shati kalivaa ndani nje. Mtu wa usingizi alikuwa anakaa nyumba za watumishi, alikuja kwa miguu. Jenereta ikawashwa. Mimi nilikaa kwenye benchi nje, kanga yako ya pili mapajani. Saa nane na kitu mlango ukafunguliwa kidogo, nikaambiwa, "Katoka, tunampumulisha." Nikaanza Ayatul Kursiyyu, nikafika katikati nikaisahau, nikaanza tena. Ndipo akalia. Huyo ndiye anayenitumia picha za madaftari yake ya darasa la tatu.

Mwaka huu, saa kama ile, kile chumba kina kufuli.

Masika iliyopita jirani yetu wa njia ya kisimani alikwama saa nne usiku, Jumamosi. Simu ilipigwa, gari lilikuwa limeshachukua mgonjwa mwingine, lilirudi alfajiri. Mama yupo. Mtoto tulimzika Jumapili baada ya adhuhuri. Mama huyo amekubali niandike haya, jina tu kaniomba nisiliweke.

Najua watu watasema m-mama ipo, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, unapiga 115 bure gari linakuja. Ni kweli, na namshukuru kila aliyeufikiria mpango ule, umeokoa watu hata kijijini kwetu. Lakini m-mama ni ya kukutoa pasipo na huduma kukupeleka penye huduma. Ukiondoa huduma ya karibu, gari lile lile linabebeshwa safari ndefu zaidi na wagonjwa wengi zaidi. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ni kilomita 210. Lami ilianza na zile 50 za Mtwara hadi Mnivata, na sisi tuko kwenye zile 160 zinazofuata. Tena kabla hujaifikia barabara kuu kuna njia yetu ya mchanga, unaijua, bodaboda zenyewe hushusha abiria akasukume. Na mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Mimi nisiyejua hesabu naiona hapo. Uchungu uliokwama nao, hata usipoua, unaweza kumwachia mwanamke fistula, lile tundu la ndani linalomfanya avuje mkojo bila kujizuia. Wewe uko Dar, unawajua wanaotibiwa hospitali ya CCBRT. Muulize mmoja wao alikaa na uchungu muda gani na alikuwa wapi.

Kinachoniuma ni kwamba tulishafika mahali. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Hakuna atakayenishawishi kwamba vyumba vya upasuaji vilivyosogezwa kwenye vituo vya afya havimo kwenye tofauti hiyo. Na tulivichangia. Ile tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, ulivyolalamika kila ukimtumia mama hela ya matumizi, si tuliambiwa inajenga vituo vya afya? Vikajengwa, tukaona. Sasa jengo bila mtu wa usingizi ni ghala.

Kuhusu kaka yako. Sahihi ya kwanza, ukurasa wa kwanza, ni yake. Mimi ni wa pili. Ndiye anayetuchapia barua. Na hatujafanya jambo gizani: tulilisema kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu, likaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti akagonga muhuri. Tumeomba vitu vitatu tu: mtaalamu wa pili wa usingizi, zamu ya upasuaji ya usiku irudi, na muuguzi wa pili wodini. Barua imekwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Kaunta buku ya kwaya mbili imejaa, tumefungua ya pili. Siku za mnada wa korosho napata sahihi nyingi kuliko siku zote, wanaume wamekaa wanasubiri bei, hawana pa kwenda. Mzee mmoja alitia dole gumba bila kuuliza kitu, akaniambia mkewe alifia njiani mwaka wa mafuriko, akaondoka zake.

Diwani amekubali kulipeleka kwenye Baraza, ila anataka maelezo ya wanawake waliopitia, kwa maandishi yao wenyewe. Ninayo manne. La mwanamke aliyepasuliwa usiku akatoka yeye na mwanawe wazima, sina hata moja. Lako ndilo nataka, wifi. Si lazima uandike kirefu: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotolewa, uzito wa mtoto. Kadi yako ya kliniki anayo mama, kwenye lile sanduku la bati, nitakupigia picha uangalie. Ukishaandika mtumie kaka yako kabla ya Ijumaa, na yeye atachapa.

Ming'oko yako nitampa dereva wa basi la Jumatano.

Wasalaam,
Wifi yako