Mgonjwa wa kifua kikuu aulizwe watoto wa nyumbani kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watoto wachanga wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu.

Mwaka jana kijana wangu wa mwisho, ninayeishi naye hapa Mbagala, alipimwa makohozi akaanzishiwa dawa. Alihudumiwa kwa upole, lakini hakuna aliyemuuliza kama nyumbani kuna mtoto. Alikuwapo mjukuu wangu wa miezi kumi, ambaye kila jioni alikuwa akisinzia kifuani pa mjomba wake huyo. Kwenye kadi yake ya kliniki mstari wa uzito, uliokuwa ukipanda vizuri, ulilala miezi miwili mfululizo, nasi tukasema ni meno. Hakuwa akikohoa sana. Alikuwa na homa za jioni na amepoteza hamu ya kucheza. Tulipompeleka hospitali, alikutwa na ugonjwa ule ule. Namshukuru Mungu ametibiwa na amepona, lakini jambo hili lingeweza kuzuiwa.

Mtu mzima mwenye afya njema akiambukizwa vimelea vya kifua kikuu, uwezekano wa kuugua katika maisha yake yote ni kama asilimia 5 hadi 10. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hali ni tofauti kabisa: kumbukumbu za kitabibu za kabla dawa hazijapatikana zinaonyesha kwamba, kati ya watoto 10 walioambukizwa katika umri huo, 3 hadi 4 waliugua mapafu, na 1 hadi 2 walipatwa na kifua kikuu kinachosambaa mwilini au kushambulia utando wa ubongo. Wengi huugua ndani ya mwaka mmoja tangu kuambukizwa, kwa hiyo kusubiri mtoto aanze kukohoa ni kuchelewa.

Wazazi wenzangu hunionyesha kovu la chanjo ya BCG begani kwa mtoto na kusema huyu amekingwa. Chanjo hiyo ni ya lazima, nami naitetea, ila kinga yake kubwa ni dhidi ya aina zile kali za utotoni. Haimzuii mtoto kabisa asiambukizwe wala asiugue mapafu.

Mwongozo wa taifa tayari unataka watoto walio chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wachunguzwe, na yule asiyekutwa na ugonjwa apewe dawa kinga, ama isoniazidi kwa miezi 6, ama mchanganyiko wake na rifampisini kwa miezi 3. Mama anayeambiwa ampe vidonge mtoto anayecheza vizuri husita, na ana haki ya kuelezwa kwa utulivu badala ya kukemewa. Vilevile aelezwe kwamba mtoto asiyeweza kutoa makohozi, kwa kuwa huyameza, anaweza kupimwa hata kwa choo chake.

Ombi langu kwa zahanati na vituo vyetu vya afya ni hili: mhudumu akishaandika jina la mgonjwa kwenye rejista, amuulize ni nani analala chumba kimoja naye na wana umri gani, kisha aandike majina ya watoto hao na siku ya kuletwa, kabla mgonjwa hajainuka kitini.

Wako msomaji,
Bibi wa wajukuu watatu,
Mbagala, Dar es Salaam