Malisho ya baharini

Mkoani, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sote huku wazima, alhamdulillahi. Bibi yako kila siku ananiuliza likizo yenu ya dakhalia inaanza lini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. "Baba, samaki wanakwenda wapi?" Najua swali limetoka kwa ami yako, siku ile ya Idi aliposimulia jinsi wanavyokesha usiku wa giza, taa zinawaka na mafuta yanateketea, alfajiri wanarudi na dagaa wa ndoo mbili. Kwenye simu ningekujibu kwa maneno mawili, na swali lako halistahiki maneno mawili.

Unakumbuka usiku tuliorudi na ngalawa, ukatia mkono majini na maji yakawaka cheche za buluu? Ulikuwa na miaka sita. Nilikwambia bahari inawaka tu, kama babu yako alivyoniambia mimi. Nimejuta kutokukwambia zaidi, kwani pale mkono wako uligusa viumbe hai. Wengi wa wale wanaowaka ni jamii ya fitoplanktoni, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea na kwenda popote mkondo uendapo. Ukivipima kwa uzito havifiki hata asilimia 1 ya mimea yote duniani, lakini karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hufanywa na hivyo. Dagaa hula vijidudu vinavyokula vijimea hivi, na wengine huvila vyenyewe. Nguru naye akawala dagaa na vibua. Kwa hiyo mimi huviita malisho. Mfugaji ng'ombe wake wakikonda, kwanza huenda kutazama majani.

Sasa malisho haya yana shida moja kubwa: jua liko juu, mbolea iko chini. Kila kinachokufa baharini huzama na kuozea kule kwenye giza, pamoja na naitrati na fosfati yake, ndiyo mbolea yenyewe. Lazima kitu kiikoroge bahari ili mbolea ipande. Chukua ndoo ya maji baridi, mimina maji ya moto juu yake polepole, kisha ingiza mkono. Juu utaungua, chini utasikia baridi, na maji yale hayachanganyiki mpaka uyakoroge kwa nguvu. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu kama kifuniko.

Kwetu anayekoroga ni upepo. Kusi ikishika, huko pwani ya Somalia maji baridi ya chini hupanda juu kwa wingi, ikawa moja ya sehemu zenye rutuba kubwa kabisa katika Bahari ya Hindi. Huku kwetu, kwenye mkono wa bahari baina ya Pemba na bara, nguvu si kubwa kiasi hicho, lakini wazee wako walipanga maisha yao yote kwa kusi na kaskazi, na hawakukosea.

Kilichobadilika ni kifuniko. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na hewa ukaa na gesi za aina yake limeingia baharini. Upande wetu wa magharibi wa Bahari ya Hindi, miezi ileile ya kusi, maji ya juu yaliongezeka joto kwa kiasi cha nyuzi 1.2 kati ya 1901 na 2012. Upepo unapiga, lakini maji mepesi ya juu hayakubali kuchanganyika kama zamani. Mwaka 2016 mwanasayansi wa India, Roxy Mathew Koll, na wenzake walitoa hesabu yao kutokana na rangi ya bahari inavyosomwa na setilaiti pamoja na mifano ya bahari iliyopigiwa hesabu kwa kompyuta: fitoplanktoni za upande huu wetu zimepungua hadi asilimia 20 katika miongo sita. Miongo sita, mwanangu, ni umri wa ami yako.

Tena si wingi peke yake. Mbolea ikiwa haba, daiatomu, zile fitoplanktoni kubwa zenye ganda la kioo, hushindwa, na nafasi yao huchukuliwa na vile vidogo sana. Vidogo vikizidi, chakula hupitia midomo mingi zaidi kabla ya kumfikia samaki, na kila mdomo humpitishia mwenzake kama sehemu moja tu ya kumi.

Sisemi wavuvi hawana lao. Nyavu za matundu madogo nimezipiga vita tangu ujana wangu na sitaacha. Lakini naumia nikisikia mtu wa ofisini akimwambia ami yako kwamba uvuvi wake ndio uliomaliza samaki, ukatoka hapo. Moshi mwingi uliopasha bahari hii haukutoka kwenye jiko la mtu wa Pemba. Mueleze hivyo yeyote atakayekuuliza huko skuli.

Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, aliteremsha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika kina inapopotea machoni. Kwenye bahari ya wazi, vijimea vikiwa vingi sahani hupotea mapema. Vikiwa haba utaiona mpaka mbali chini. Maji yale ya buluu ya kung'aa wanayoyapiga picha wageni, mara nyingi ndiyo yenye njaa.

Nimetoboa kifuniko cheupe cha ndoo, nimekifunga jiwe na kamba yenye fundo kila mita. Ami yako amekubali kututoa mpaka nje ya mwamba, mara moja kusi na mara moja kaskazi. Daftari nimeshanunua. Utaandika wewe, maana macho yangu hayaoni mbali tena.

Baba yako